Jinsi ya kuzitunza nyumba za zege za Malindi: mwongozo kamili kwa majengo ya miaka ya 1950 hadi 1970

Mgeni akija Malindi hupelekwa kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, akaonyeshwa kanisa dogo la Wareno, kisha akapandishwa gari hadi Gede, mji wa kale ulioingizwa mwaka 2024 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni vizuri ayaone hayo. Lakini njiani anapita nyumba ambazo hakuna anayemsimamisha aziangalie: nyumba za zege zenye paa bapa, kuta za matofali ya matundu, ngazi za terazo (saruji yenye vipande vya marmari, iliyong'arishwa) na vibaraza virefu vya kivuli, zilizojengwa kati ya miaka ya mwisho ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru. Zinabomolewa kimyakimya. Na zile zinazoachwa zisimame, nyingi zinauliwa na ukarabati wenyewe.

Chumvi ya bahari ni adui, hilo halina ubishi. Lakini nyumba ya zege iliyovumilia chumvi kwa miaka 60 inaweza kumalizwa kwa miaka michache na plasta mpya iliyopigwa juu ya nondo inayooza. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mrithi, fundi, mwalimu au kijana yeyote wa mji anayetaka kuziokoa, na unaanzia hapo: angalia na uelewe kwanza, ndipo uguse.

Zilitoka wapi

Hoteli za ufukweni za kwanza zilianza Malindi miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ujenzi wa zege na nondo ulienea Afrika Mashariki nzima, na mtindo mpya ukaingia nao: kuta zisizo na mapambo, mistari mirefu iliyolala, madirisha mapana, na hesabu ya jua na upepo ikitangulia kila kitu. Mjerumani Ernst May, aliyehamia upande huu wa dunia miaka ya 1930, alibuni Oceanic Hotel ya Mombasa. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, alifanya kazi Nairobi. Anthony Almeida alijenga Dar es Salaam. Mwaka 1973 likamalizika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, la Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, ambalo hata mtoto wa chekechea analitambua kwenye picha.

Malindi ilikuwa na sababu yake nyingine ya kubadilika. Mwaka 1967 Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka nyingine kutoka hapo hapo, setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei itokayo angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Waitaliano wakauzoea mji, wengine wakahamia. Kwa hiyo nyumba ya zege ya mwaka 1968 ni sehemu ya historia ya Malindi, na inastahili kuangaliwa kwa heshima ile ile tunayoipa nguzo ya Mreno.

Hatua ya kwanza: tembea na uisome nyumba

Anza asubuhi mapema. Jua likiwa chini, mwanga hupita ubavuni mwa ukuta na kila uvimbe wa plasta hujionyesha kwa kivuli chake. Saa sita mchana ukuta ule ule utauona umenyooka kabisa.

Tazama nyumba imeelekea wapi. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi wa Juni na upande wa kusini mwezi wa Desemba, na nyakati zote mbili huwa juu sana. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la chini, la asubuhi na la alasiri, ambalo hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia. Aliyejenga kwa akili aliilaza nyumba ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, zikapokea pia upepo wa kaskazi na wa kusi, na pande fupi akazifunga au akazijaza matofali ya matundu.

Kisha pima ukingo wa paa uliotokeza nje ya ukuta. Hapa hesabu ni tamu. Adhuhuri ya Juni jua liko kwenye nyuzi 63 hivi juu ya upeo, kwa hiyo kila mita 1 ya ukingo huufunika kwa kivuli ukuta wa kaskazini kiasi cha mita 2 kwenda chini. Desemba, upande wa kusini, mita 1 ile ile hufunika karibu mita 2.7. Ukikuta ukingo wa mita 1.2 na dirisha linaloishia mita 2.4 chini yake, jua kwamba kuna mtu alikaa na penseli akapiga hesabu. Ndiyo maana huwa inaniuma kumwona mtu akiukata ukingo huo ili apate nafasi ya lifti au tangi.

Mambo mengine ya kutafuta: matofali ya matundu kwenye ngazi na jikoni, madirisha ya chuma chembamba, luva (vibao vya dirisha vinavyopitisha hewa) za kioo au za mbao, sakafu ya terazo yenye vipande vya shaba vinavyogawa rangi, ngazi zinazojitokeza ukutani bila nguzo, mwaka ulioandikwa kwa plasta juu ya duka. Piga picha kila kimoja kikiwa peke yake, kisha piga picha ya nyumba nzima kutoka pembe zote nne.

Hatua ya pili: uliza watu

Karatasi za majengo haya zimetawanyika. Jaribu ofisi ya mipango ya kaunti, jaribu makumbusho, lakini hazina kubwa iko kwenye kabati za familia: picha za harusi zilizopigwa kibarazani, risiti za vifaa, mchoro uliokunjwa ndani ya hati ya shamba. Usiende mikono mitupu na usiende na haraka. Piga hodi, toa shikamoo, keti unapoelekezwa, na useme umetoka kwa nani. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa nyumba hii aliijenga marehemu babu. Nilitaka kujua mafundi wake walitoka wapi." Swali la mafundi hufungua midomo kuliko swali la mwaka, maana watu wanamkumbuka fundi aliyekula kwao kuliko tarehe.

Uliza mambo manne hasa: mchanga ulitoka wapi, maji ya kuchanganyia yalitoka kisima gani, nini kimeongezwa tangu wakati huo, na mvua ikinyesha maji huingilia wapi. Majibu mawili ya kwanza yatakueleza kwa nini nondo zinaoza leo. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa pwani au maji ya kisima cha chumvi lilizaliwa na ugonjwa ndani yake.

Hatua ya tatu: amua kipi hakiguswi

Huwezi kuhifadhi kila msumari, na nyumba lazima ikaliwe. Keti na wenye nyumba mwandike mambo matatu au manne ambayo yakiondoka, nyumba hiyo imekwisha. Mara nyingi yatakuwa ukingo wa paa, ukuta wa matundu, ngazi, na mpangilio unaoruhusu upepo kuingia upande mmoja na kutoka wa pili. Jiko, choo, nyaya na mabomba vinaweza kubadilishwa bila kuidhuru. Orodha ikishakubaliwa, mpe fundi nakala kabla hajataja bei.

Hatua ya nne: tafuta ugonjwa

Ni lazima uelewe kwa nini nondo hushika kutu ndani ya zege, la sivyo utalipa bure. Zege jipya lina ukali wa alkali, pH yake hufika 12.5 au 13, na katika ukali huo chuma hujivika ngozi nyembamba inayokilinda. Mambo mawili huivunja ngozi hiyo. La kwanza ni hewa: kaboni dayoksaidi hupenya pole pole kutoka nje na kuupunguza ukali, mpaka ukifika chini ya 9 hivi chuma kinabaki uchi. La pili ni chumvi, ambayo huitoboa ngozi hata ukali ukiwa bado upo. Malindi yote mawili yapo. Kutu ikishaanza, huchukua nafasi mara 2 hadi 6 kuliko chuma kilichokuwapo, na zege halina pa kukimbilia: hupasuka kwa mstari unaofuata nondo, kisha huanguka vipande.

Chukua nyundo ndogo. Anza na linta, yaani boriti za juu, za madirisha yanayotazama bahari, ukingo wa slabu (bamba la zege la sakafu au paa), chini ya roshani, na miguu ya nguzo. Gonga taratibu kila baada ya sentimita 10. Zege zima hulia kwa sauti kali na fupi, na nyundo hurudi mkononi. Zege lililoachana na nondo hutoa sauti nzito ya utupu, na nyundo hubaki pale. Ukifika kwenye sauti hiyo, chora mpaka wake kwa chaki. Ukimaliza chumba kimoja utaona ramani ya ugonjwa imejichora, na karibu kila mara itakuwa kubwa kuliko madoa ya kutu yaliyokuwa yanaonekana kwa macho.

Kipimo kingine ni rahisi vilevile. Vunja kipande kidogo cha zege mahali pasipo na hatari, nyunyizia fenolifthalini, ile inayotumiwa katika maabara za kemia za sekondari. Zege lenye ukali bado hugeuka rangi ya waridi iliyokolea. Lililokwisha ukali halibadiliki. Pima kina cha sehemu isiyobadilika, kisha linganisha na kina cha nondo. Kama ukali umeisha sentimita 1 tu na nondo iko sentimita 3 ndani, una muda. Kama umeisha hadi kwenye nondo, huna. Lakini kipimo hiki hakionyeshi chumvi. Chumvi hupimwa kwa unga wa zege uliotobolewa kwa drili na kupelekwa maabara, na kwa jengo lililo karibu na ufuo gharama hiyo haikwepeki.

Mwite mhandisi wa miundo mapema ukiona boriti imepinda katikati, ufa wenye upana wa kuingiza ukingo wa sarafu, nguzo iliyopasuka wima, au nondo iliyoliwa zaidi ya robo ya unene wake. Hayo si ya fundi peke yake.

Hatua ya tano: paa kwanza

Haina maana kutengeneza dari wakati maji bado yanaingia juu. Paa bapa la zamani huwa na mteremko mdogo sana, na sehemu kubwa ya uvujaji huanza kwenye mfereji uliozibwa na majani ya mvinje au ya mwembe. Safisha njia za maji kabla ya masika, kisha tena kabla ya vuli. Siku ya mvua panda juu, kwa usalama, uone maji yanapotuama.

Kama utaziba mifereji ili ujaribu uvujaji, usijaze ovyo. Sentimita 5 za maji ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na slabu iliyooza chini haitakuvumilia. Tangi la lita 1,000 nalo ni tani nzima ikijaa. Liweke juu ya ukuta au nguzo, usiliweke katikati ya chumba. Tabaka la lami lililokufa litolewe lote ndipo jipya liwekwe, kwa sababu kubandika juu ya la zamani hufungia maji katikati.

Ukikuta paa la mabati ya asbestosi, ya kijivu na mazito, usilitoboe, usilikate, usilisugue kwa brashi. Vumbi lake huua mapafu. Likiwa zima, liache. Likivunjika, kuondolewa kwake kunafuata masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na hufanywa na watu wenye leseni.

Hatua ya sita: zege lenyewe

Hapa ndipo nyumba hupona au hufa, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Egemeza kwanza. Weka propu, yaani nguzo za muda, chini ya slabu au boriti kabla ya kubomoa kipande chochote, na propu zisimame juu ya mbao pana, si juu ya terazo tupu. Kisha kata kuuzunguka mpaka wa chaki kwa mashine ya kukatia, kina cha sentimita 1 hivi, kingo zikiwa wima. Kingo zilizochongoka kwa wembamba huvunjika baada ya msimu mmoja.

Bomoa zege bovu hadi upite nyuma ya nondo, mpaka vidole viweze kuizunguka, yaani sentimita 2 hivi. Hili ndilo wengi hulikataa kwa sababu linaonekana kama uharibifu. Lakini upande wa nyuma wa nondo ndiko kutu hubaki ikifanya kazi. Endelea kuifuata nondo mpaka ufike chuma safi, kisha ongeza sentimita 5 nyingine.

Safisha nondo hadi ing'ae. Brashi ya waya ya mkono huondoa kutu ya juu tu na kuacha ile iliyoingia kwenye vishimo. Mashine ya kupuliza mchanga ni bora zaidi. Osha kwa maji matamu kutoa chumvi, kausha, paka rangi ya msingi yenye zinki siku hiyo hiyo. Hewa ya Malindi haingoji, na nondo iliyosafishwa asubuhi huwa imeanza kuwa nyekundu kesho yake.

Mchanganyiko wa kujazia: sehemu 1 ya saruji kwa 3 za mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa pwani ni marufuku kabisa, hata muuzaji akiapa kwamba umenyeshewa na mvua. Na wa mto Sabaki uwe umechukuliwa mbali na mlango wa mto, ambako maji ya bahari hupanda. Kwa mfuko wa kilo 50 maji yasizidi lita 22 hivi, ukihesabu na unyevu ulio tayari ndani ya mchanga. Fundi atataka kuongeza maji ili kazi iteleze. Mkatalie kwa upole na umpe kilainishi cha zege kinachouzwa dukani, maana kila lita ya ziada huacha vitundu ambavyo chumvi itapitia.

Lowesha zege la zamani usiku kucha, asubuhi liache likauke juu lakini libaki na unyevu ndani, ndipo ujaze, ukishindilia nyuma ya nondo kwanza. Funika kwa magunia na uyaweke na maji siku 7. Naomba usiruke siku hizo. Jua letu hunyonya maji ya kiraka kabla saruji haijakomaa, na kiraka kilichokauka haraka hujikunja na kujibandua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mafundi wazuri hulishangaa. Unatengeneza linta vizuri kabisa, na baada ya miaka 2 au 3 zege linapasuka pembeni mwa kiraka, pale palipokuwa pazima. Si uchawi wala si kazi mbovu. Kabla ya ukarabati, sehemu iliyokuwa inaoza ilikuwa ikiikinga kwa umeme ile ya jirani yake. Umeitibu iliyooza, na kutu imehamia kwa jirani ambako chumvi bado ipo. Dawa yake ni vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo kuzunguka ukingo wa kiraka, ili zinki iliwe badala ya chuma. Wenye mashua na boti za uvuvi wanaijua zinki hiyo, kwani huifunga kwenye injini kwa sababu hiyo hiyo. Kama huwezi kuzipata, angalau panua kiraka kupita sehemu yenye chumvi nyingi, na uweke mpango wa kugonga tena kila mwaka.

Mwisho, zege linahitaji rangi inayozuia kaboni dayoksaidi na chumvi lakini inaruhusu mvuke kutoka. Ulizia rangi ya kukinga zege kwa jina hilo. Rangi ya kawaida ya mafuta huonekana maridadi mwezi mmoja, kisha hupiga malengelenge.

Hatua ya saba: kuta, matundu na madirisha

Nyumba nyingi za wakati huo hazikuwa za zege tupu. Fremu ni zege, lakini kuta zimejazwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Mawe hayo ni laini na yana vinyweleo, hunywa unyevu na lazima yautoe. Ukiyapiga plasta ya saruji tupu, unyevu hukwama ndani, chumvi huganda kuwa fuwele nyuma ya plasta, na jiwe huliwa kuwa unga. Tumia sehemu 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga, au chokaa bila saruji kama ukuta ulijengwa hivyo tangu mwanzo, na upake chokaa badala ya rangi ya plastiki. Yaani nguzo na ukuta ulio kati yake hupewa dawa mbili tofauti, na fundi anayetaka kuvimaliza kwa ndoo moja asipewe kazi. Mawe ya kuzibia yatoke machimbo halali. Matumbawe ya baharini hayaguswi, na hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968.

Matofali ya matundu yakivunjika usizibe kwa kioo. Toa moja zima kwa uangalifu, mpelekee seremala atengeneze kalibu ya mbao inayofunguka, ipake mafuta, jaza mchanganyiko mkavu kiasi wenye kokoto ndogo sana, shindilia, fungua kesho yake, mwagilia siku 7. Kijana mwenye kalibu mbili anaweza kuukamilisha ukuta wa ngazi bila haraka. Ikiwa hofu ni mbu, weka wavu kwenye fremu nyepesi kwa ndani, inayotoka ili vumbi lisafishwe.

Madirisha ya chuma yanaogopwa bure. Fremu iliyoliwa chini hukatwa kipande kibovu na kuchomelewa kipya, ikasafishwa, ikapigwa rangi ya zinki, bawaba zikatiwa mafuta. Fremu nene za alumini zinazouzwa sasa hupunguza mwanga na kuharibu wembamba wa mistari, ambao ndio uzuri wenyewe wa dirisha hilo.

Hatua ya nane: terazo

Terazo ni vipande vya marmari ndani ya saruji, vilivyosagwa na kung'arishwa. Adui yake ni dawa za choo zenye asidi, kwa sababu asidi hula marmari na saruji kwa pamoja na kuacha sakafu yenye ukavu wa chaki. Sabuni ya kawaida isiyo kali na maji vinatosha. Sakafu iliyofifia isagwe upya kwa mawe ya kusagia, kuanzia namba 60, halafu 120, 220 na kuendelea, kwa maji mengi. Chini ya uchafu wa miaka utakuta rangi ambazo wenyewe walisahau: kijani cha bahari, nyekundu ya matofali, nyeupe yenye madoa meusi. Palipochimbika, tafuta marmari ya ukubwa ule ule na ujaribu mchanganyiko kwenye kibao kwanza. Kubandika vigae juu yake ni kuitia ngazi hiyo kaburini, na huinua sakafu mpaka milango isifunguke.

Viyoyozi, nyaya na mahitaji ya leo

Kabla ya kununua kiyoyozi, fungua matundu yote yaliyozibwa na urudishe luva zilizokufa. Nyumba nyingi zilizobuniwa hivi hazina joto, zimefungwa tu pumzi. Ukilazimika, weka kiyoyozi chumba cha kulala kimoja, mashine ya nje isimame chini upande wa nyuma, na maji yake yapelekwe kwa bomba hadi ardhini. Tone linaloanguka kwenye ukingo wa slabu usiku na mchana ni mwanzo wa kutu.

Warithi, sheria na mji

Mara nyingi kikwazo kikubwa ni mirathi. Nyumba ina warithi wanane, mmoja yuko Mombasa, mmoja Jeddah, na hakuna anayetaka kutoa wa kwanza. Ushauri wangu ni mdogo: kabla ya kuzungumzia kuuza au kugawana, kubalianeni mfuko wa paa peke yake. Paa likishikilia, mna nafasi ya kujadiliana miaka. Kama jengo ni la wakfu, anza na wasimamizi wake.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kulindwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi. Nyumba ya 1960 haina ulinzi wa sheria hiyo mpaka itangazwe, kwa hiyo ukiwa na picha, vipimo na masimulizi uliyokusanya hatua ya kwanza na ya pili, peleka nakala kwa Makumbusho ya Malindi. Kubomoa au kuongeza ghorofa kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na hapo ndipo jirani anaweza kuweka pingamizi lake kwa maandishi. Asmara ilipoingia orodha ya UNESCO mwaka 2017 kwa majengo yake ya kisasa, ilikuwa na kumbukumbu za jengo kwa jengo. Sisi tunaweza kuanza na mtaa mmoja, wanafunzi wa sekondari wakiwa na simu, kipimo cha mkanda na daftari.

Kalenda ya mwaka

Machi, kabla ya masika: safisha mifereji, kagua lami, kata matawi yanayogusa paa. Juni au Julai, mvua ikipungua: gonga linta na roshani zote kwa nyundo, linganisha na ramani ya chaki uliyopiga picha mwaka uliopita. Septemba: tia mafuta bawaba, osha luva na madirisha kwa maji matamu kuondoa chumvi iliyoletwa na kusi, rudia rangi ya zinki palipochubuka. Oktoba: mifereji tena. Andika kila kazi kwenye daftari moja pamoja na tarehe, jina la fundi, aina ya mchanga na idadi ya mifuko ya saruji, na daftari hilo likae ndani ya nyumba, lisiondoke na mtu.